Jinsi ya Kufilisika kwa Akili: Mwongozo kwa Mchezaji wa Isebania

Kufilisika hakuhitaji kipaji. Simama mpakani, mkabidhi mtu usiyemjua pesa zako akubadilishie, geuka kidogo upige chafya, kazi imekwisha. Lakini kufilisika huku steji nzima ikikuita profesa, kufilisika kwa hesabu na nadharia na jicho la mtaalamu, hilo linataka mafunzo. Nimekuchagua wewe wa Isebania kwa sababu umejaliwa vifaa ambavyo mtu wa Nairobi hana. Una laini mbili mfukoni, sarafu mbili, serikali mbili, na ukitoka kwako hadi Sirari ni mwendo wa miguu. Mungu akupe nini tena?

Bidhaa sokoni ni mbili. Kuna karata za mtandaoni zinazodai ujuzi: poka, rami, ishirini na moja na jamaa zake. Halafu kuna bahati tupu: ndege inayopaa na kutokomea, matunda yanayozunguka, gurudumu. Watu waangalifu hukesha wakiuliza ipi ina nafuu. Wewe usijisumbue. Kanuni yako ni moja tu: mchezo wa bahati uuendee na ujuzi wako wote, na mchezo wa ujuzi uuendee na bahati yako yote. Ukishika hiyo, mengine yote ni mapambo.

1. Anza na karata, zina heshima

Wewe si mgeni wa karata. Umekulia chini ya mti wa steji ukicheza kadi. Unajua mbili inamwokotesha mwenzako karata mbili, tatu inamwokotesha tatu, na joka tano. Unajua jeki inamruka mtu, mfalme anageuza mzunguko, na asiyetangaza “niko kadi” mapema, hata akimaliza hajamaliza. Unajua na lile lisiloandikwa popote: jamaa wa pikipiki nyekundu akishika joka hujikuna sikio, na mwenzake akikosa ua hutazama barabarani akijifanya anatafuta abiria.

Sasa chukua ushindi wote uliowahi kuupata dhidi ya watu wanne, wawili kati yao wakisubiri wateja, uhitimishe kwamba uko tayari kwa dunia. Pakua programu. Jiite jina la kutisha. Ingia mezani.

Usikae kuwaza kwamba mtandaoni hakuna sikio la kukunwa. Nusu ya ujuzi wako ilikuwa kuwajua watu, na hapa watu wenyewe wamebaki picha za simba na miwani ya jua. Nusu iliyobaki ni hesabu, na hesabu uliiacha darasa la saba kwa makubaliano ya pande zote mbili. Katika pakiti ya karata 52, mikono ya karata tano inayoweza kugawiwa ni 2,598,960. Mpinzani wako amekaa nayo miaka. Wewe umekaa nayo tangu saa tisa alasiri.

Na huenda mpinzani mwenyewe si mtu. Januari 2017 programu iitwayo Libratus, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ilikaa na wachezaji wanne wa kulipwa kule Pittsburgh, wakacheza mikono 120,000, ikawashinda wote wanne. Miaka miwili baadaye ikaja nyingine, Pluribus, ya meza ya watu sita. Kampuni za poka hupiga marufuku roboti na kuzisaka kila siku, jambo ambalo lingekufahamisha kwamba roboti zipo za kusakwa. Lakini wewe una uzoefu wa steji. Endelea.

2. Usitupe karata kamwe

Mchezaji hodari wa poka hutupa mikono mingi kuliko anayoicheza. Anaangalia, anaona takataka, anatupa, anapangusa miwani. Anaweza kukaa nusu saa hajaweka hata shilingi. Ujuzi wenyewe, ukiuvua majoho, ndio huo: subira, hesabu, na uwezo wa kukubali kwamba huu si wako.

Hiyo si tabia ya mwanamume. Wewe kila karata icheze. Umepata mbili na saba? Cheza, huwezi jua. Mwenzako amepandisha dau? Anakutishia, mpandishie. Amepandisha tena? Sasa ni suala la heshima. Hapa unatimiza ile kanuni kikamilifu: umeuchukua mchezo unaomlipa mwenye subira, ukaugeuza kuwa wa kurusha shilingi hewani.

Ukihitaji mtakatifu wa kumwombea, yupo Mmarekani aliyeitwa, wala sitanii, Chris Moneymaker. Mwaka 2003 alijipatia nafasi ya kuingia mashindano ya dunia ya poka kupitia meza ya mtandaoni ya dola 86 hivi, akatoka Las Vegas na dola milioni 2.5. Mtaje kila unapoulizwa. Maelfu waliolipa dola zao mwaka ule na kurudi nyumbani kimya usiwataje, majina yao hayana mvuto.

Kuna kitu kidogo mezani ambacho nakusihi usikiangalie: mkono wa mwenye meza. Katika poka hamchezi na kampuni, mnachezana ninyi kwa ninyi, na kampuni hukata asilimia kadhaa ya kila dau linaloshindaniwa. Keti na wenzako watano mliolingana ujuzi, kila mmoja na shilingi elfu moja. Mkicheza hadi alfajiri zile elfu sita hazitakuwa elfu sita tena, hata kama hakuna aliyemzidi mwenzake. Ndiyo kusema mtu mwenye ujuzi wa kawaida anapoteza. Mwenye ujuzi kidogo zaidi ya wa kawaida anapoteza pia, ila taratibu. Anayebaki na faida ni yule anayewazidi wenzake kwa zaidi ya makato, na huyo hayuko mezani kwa sababu ya kuboeka.

3. Ishirini na moja: hesabu karata ambazo hazipo

Umeona kwenye filamu jamaa anahesabu karata na kuvunja kasino. Ni kweli ilitokea. Edward Thorp, mwanahisabati wa Marekani, aliandika kitabu mwaka 1962 akionyesha jinsi ya kuishinda kasino kwa kukumbuka karata zilizokwisha toka. Kasino zilihangaika, zikaongeza pakiti, zikachanganya mara kwa mara.

Wewe hesabu karata kwenye simu. Kunja uso, sogeza midomo. Katika ishirini na moja inayoendeshwa na kompyuta, pakiti huchanganywa upya kila mkono, kwa hiyo unachokikumbuka hakina uhusiano wowote na kinachokuja. Lakini watakaokuona kwenye kibanda cha chai hawajui hilo, na sifa ni sifa.

Nikunong’oneze jambo ambalo washauri wengine hulificha. Huu mchezo, ukiucheza kwa kufuata jedwali la hesabu bila kukengeuka, kwa kanuni za kawaida kasino hubaki na faida ya karibu nusu shilingi tu kwa kila mia. Ni kidogo mno, utachukua muda mrefu kuisha. Dawa yake: fuata moyo. Ukiwa na 16 na mwenye karata anaonyesha sita, omba nyingine. Ukiwa na 12, ingoje ndoto. Kila unapokengeuka, unaongeza mgawo wa kampuni kwa mkono wako mwenyewe, bila kulazimishwa.

4. Sasa panda ndege

Tumefika kwenye uwanja wako. Ndege, wengine huita Aviator, ilitengenezwa na kampuni ya Spribe ya Georgia, ikaanza kuruka mwaka 2019. Unaweka dau, kandege kekundu kanapaa, namba inapanda: mara 1.20, mara 1.85, mara 3. Ukibonyeza kabla haijatokomea, dau lako linazidishwa kwa namba hiyo. Ikitokomea kwanza, limeenda nayo. Mzunguko mzima ni suala la sekunde.

Mwenye mchezo ametangaza hadharani kwamba kwa wastani hurudisha 97 kwa kila 100. Maana yake ni rahisi mno, na ndiyo sababu hakuna anayetaka kuisikia. Uwezekano wa kufika mara 2 ni kama asilimia 48.5. Kufika mara 10, asilimia 9.7. Kufika mara 100, haufiki hata asilimia moja. Zidisha kila namba na malipo yake, utapata 97. Ukibonyeza mapema, 97. Ukichelewa, 97. Ukibonyeza kwa kidole cha shahada huku umefumba macho, 97. Yaani hakuna mahali katika mchezo huu pa kuweka ujuzi, hata kama umekuja nao gunia zima.

Ndiyo maana nakuagiza uje nao gunia zima.

Kwanza, soma historia. Juu ya kioo kuna safu ya namba zilizopita, na imewekwa pale kwa ukarimu ili uwe na cha kusoma. Chukua daftari la watoto, piga mistari, andika: 1.10, 1.32, 1.05, 2.40, 1.01. Kisha tangaza: “Zimekuja ndogo nne, kubwa inapikwa.” Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye gurudumu moja la kasino ya Monte Carlo, rangi nyeusi ilikuja mara 26 mfululizo, na matajiri wa Ulaya wakamaliza mali zao wakiwekea nyekundu kwa hoja hiyo hiyo ya kwamba zamu yake imefika. Gurudumu halikuwa na daftari. Ndege pia haina. Lakini wewe unalo, na lina jalada zuri.

Pili, nunua utabiri. Kuna vijana Telegram wanaouza programu inayoona ndege itatokomea wapi. Lipa. Kila mzunguko hutengenezwa kutokana na namba ya siri ya mtambo, iliyofungwa kabla mzunguko haujaanza, ikichanganywa na namba kutoka kwa wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Hata aliyekuuzia angetaka kujua asingeweza. Usimuulize kwa nini mtu anayejua ndege itaanguka wapi anahangaika na shilingi elfu moja yako. Ni swali la utovu wa adabu, na atakuondoa kwenye kundi.

Tatu, na hii ndiyo taji ya elimu yako, tumia mfumo wa kuongeza maradufu. Weka 50, ngoja mara 2. Ukipoteza, weka 100. Ukipoteza, 200. Siku utakayoshinda, unarudisha yote na faida ya 50. Karatasini haushindwi. Jamaa atakayekuonyesha huo mfumo atakuwa na kalamu sikioni na atasema “omera, hii ni hesabu tu.” Basi tuihesabu. Ukipoteza mara sita mfululizo, umeshaweka 3,150, na dau la saba ni 3,200, ili upate faida ya shilingi 50. Kupoteza mara sita mfululizo hutokea kama mara moja katika kila majaribio 54. Ndege huruka mamia ya mara kwa usiku mmoja. Ukipoteza mara kumi, umeshatoa 51,150, na wewe bado unafukuzia hamsini yako.

Usisahau kubonyeza umechelewa. Mtu anayetoka kwenye mara 1.30 hana hadithi ya kusimulia. Yule aliyekuwa mara 38 akaamua kungoja 40 ana hadithi ya mwezi mzima.

Ukipenda kasi zaidi, kila mzunguko weka ulichobaki nacho chote. Kwa wastani mizunguko 23 inatosha kuifanya mia yako hamsini, na mizunguko 23 huisha chai bado ina mvuke.

5. Mpira, kwa wale wasiotaka kuchagua

Kati ya karata na ndege upo mkeka, na hapa kila mwanamume kuanzia Kehancha hadi Mbita ni daktari. Ni kweli mpira una ujuzi ndani yake: anayefuatilia majeruhi na ratiba anajua kitu. Bei imewekwa na watu wanaofuatilia kuliko yeye, na mgawo wa kampuni umo ndani ya bei tayari, hilo tuliache.

Kazi yako ni kuuchukua huo ujuzi kidogo na kuuzika. Unganisha mechi nyingi. Moja unaweza kuifahamu, mbili sawa, lakini weka 17, zikiwemo za ligi ya daraja la pili ya nchi ambayo huijui hata mji mkuu wake. Mechi 17 zenye matokeo matatu kila moja hutoa mikeka tofauti 129,140,163. Samuel Abisai alipatia mechi zote 17 mwaka 2017, akachukua shilingi milioni 221. Cosmas Korir akachukua milioni 208 mwaka uliofuata. Angalia jinsi tunavyowajua kwa majina mawili mawili. Umewahi kuona wapi washindi wakiwa wengi halafu wakakaririwa kwa majina?

Mkeka ukichanika, hakikisha umechanwa na timu moja. Hiyo timu moja ni muhimu, ndiyo inayokuonyesha kwamba ulikuwa umekaribia. Waliochanwa na timu tano huhesabiwa wacheza kamari. Wa timu moja huhesabiwa wachambuzi.

6. Kula njama kwa ustadi

Najua unawaza. Mura, unasema, kwani lazima nishindwe? Si tunaweza kuingia meza moja, mimi na rafiki zangu wawili, tukaonyeshana karata kwa WhatsApp?

Vizuri sana. Kaeni watatu kwenye hoteli moja, mmejiunga na waifai moja, mmefungua akaunti siku moja, mkaingia meza moja kila usiku saa tatu. Mmoja wenu akipandisha dau, wawili watupe karata kwa pamoja kila mara. Kampuni hukagua mambo manne: anwani ya mtandao, simu, muda, na mwenendo wa kutupa. Ninyi mmewapa yote manne kwa kifurushi. Akaunti zitafungwa pesa zikiwa ndani, na hamtaenda kituo cha polisi kulalamika kwamba mmezuiwa kuiba.

Kwenye ndege hakuna wa kula njama naye. Ndege haina mwenzako. Ni mojawapo ya maumivu machache ya mchezo ule ambayo sijapata dawa.

7. Tumia mpaka

Huu ndio urithi wako, usiupoteze. Shilingi moja ya Kenya ni takriban ishirini za Tanzania. Maana yake elfu hamsini yako, inayokufanya mtu wa kawaida Isebania, ukitembea nayo dakika chache umekuwa milionea Sirari. Na milionea huweka dau la milionea. Weka elfu ishirini za huko bila kupepesa jicho. Ukiwa upande wa nyumbani ungefikiria mara tatu kutoa elfu moja. Ukishinda, badilisha kurudi. Wabadilishaji wamekaa pale pale na mabunda yao, wanakata kidogo unapoenda na kidogo unaporudi, na hao hawajawahi kuhitaji daftari la historia.

Tena mpaka hukupa udhuru usionunulika. Ndege ikiwa mara 6, simu yako ikakamata mnara wa ng’ambo na kukukaribisha Tanzania, utakuwa na haki ya kulaumu mataifa mawili.

8. Mtaji

Usiguse akiba, akiba ina wenyewe. Kopa. Fuliza iko kidoleni, na ada yake ya kila siku itakukumbusha kesho kwamba jana uliishi. Ukiwa umepokea malipo ya tumbaku, au ya miwa kutoka Awendo, au ya dhahabu ya Macalder, au ya magunia ya omena, cheza jioni ile ile kabla pesa hazijazoea nyumba. Pesa za karo ya muhula ni bora zaidi, kwa sababu zina tarehe, na mtu mwenye tarehe hachezi kwa subira. Ukumbuke subira ndiyo adui yetu tangu hatua ya pili.

9. Mama Robi akiuliza

Atauliza. “Baba Robi, hizo pesa za mbolea ziko wapi?” Hapa ndipo aliyechagua karata anavuna.

Mwambie karata si kamari, karata ni ujuzi. Mtajie mahakama. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya India ilisema rami ni mchezo unaotegemea zaidi ujuzi, na juu ya hukumu hiyo ikaja kujengwa biashara kubwa ya rami mtandaoni. Sema “Mahakama ya Juu” polepole, uache iingie. Usimwambie kwamba Agosti 2025 Bunge la India lilipitisha sheria ya kupiga marufuku michezo yote ya pesa mtandaoni, ya ujuzi na ya bahati, bila kuchagua, na meza zile za rami zikafungwa. Wabunge waliangalia mifuko ya watu wakaona ujuzi haujaonekana humo.

Aliyechagua ndege hana mahakama. Anaweza tu kusema ilifika mara 38.

10. Serikali ikija

Usihofu, serikali yetu na kamari wanajuana siku nyingi. Sheria iliyotumika miaka yote, Sura ya 131, ni ya 1966, wakati kamari ilikuwa babu yako akinunua tiketi ya Charity Sweepstake na kungoja gazeti. Mwaka 2019 kampuni 27 zilinyimwa leseni mpya; baadhi zikafunga, baadhi zikarudi. Tarehe 29 Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari, BCLB, ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, ukapata mwezi mzima wa kuvumilia redio isiyokuita bingwa. Agosti mwaka huo huo Rais akatia saini Sheria mpya ya Udhibiti wa Kamari. Ng’ambo, Tanzania wana Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya 2003.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyowahi kuahidi kukurudishia ulichopoteza. Zinakulinda uibiwe na mwenye leseni.

Kitu kimoja sitanii nacho: aliye chini ya miaka 18 asikabidhiwe simu wala akaunti yako. Mwongozo huu ni wa watu wazima wanaojiharibu kwa hiari.

11. Kutoa pesa

Hatua hii wengi hawaifikii, ndiyo maana nimeiweka mwisho. Lakini tuseme una bahati mbaya na siku moja ukabaki na kitu kwenye akaunti, ukataka kukitoa.

Kwa Sheria ya Fedha ya 2025, serikali ya Kenya inatoza ushuru wa asilimia 5 kwa pesa unayoingiza kwenye akaunti ya kamari, na asilimia 5 nyingine kwa unayoitoa. Haiulizi kama ulicheza karata kwa miaka kumi ya mazoezi au ndege kwa macho yaliyofumbwa. Chukua shilingi 100. Iingize, zimebaki 95. Usicheze chochote. Usipande ndege, usishike karata, usifungue daftari. Itoe. Unapokea shilingi 90 na senti 25, kabla hujakatwa ada ya kutuma.

Kwa hiyo fundi wa karata anayetaka tu kurudi pale alipoanza lazima kwanza aipandishe ile 95 hadi 105 na senti 27, akiwashinda watu wasiomjua, roboti, na makato ya mwenye meza. Wa ndege lazima afike hapo hapo kwa mchezo unaorudisha 97. Chagua mmoja uniambie unamwekea nani, lakini dau usiweke kwenye simu. Njoo steji, tuchezee soda.